Kutokwa Jasho Mbele ya TV: Je, Gemu za Mazoezi Zinapunguza Mwili?

Mkulima wa pamba wa Maswa hahitaji kuambiwa afanye mazoezi. Tangu kulima na kupalilia hadi kuvuna na kufikisha mzigo kwenye ghala la chama cha ushirika (AMCOS), mwili wake uko kazini sehemu kubwa ya mwaka. Suala la mazoezi ya nyumbani linamhusu zaidi ndugu yake wa mjini: mwalimu, muuguzi, karani wa halmashauri, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Nyalikungu, dada anayeshinda kwenye kiti cha uwakala wa pesa za simu. Huyu anaamka, anapanda bodaboda, anakaa ofisini, anarudi kwa bodaboda, kisha anakaa tena mbele ya TV hadi usingizi umchukue.

Matokeo yanaonekana kwenye mizani. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa 2004–05 ulikuta asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliokithiri. Ule wa 2015–16 ulikuta asilimia 28, na mijini hali ilikuwa mbaya kuliko vijijini. Simiyu bado ni mkoa wa wakulima na wafugaji, lakini miji yake inakua. Barabara ya lami inayotoka Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi imefupisha safari, na mshahara wa mwisho wa mwezi unanunua soda, chipsi na mafuta ya kupikia kwa urahisi ambao wazazi wetu hawakuujua. Siku hizi presha na sukari hutajwa misibani bila mtu kushangaa.

Katika hali hiyo, wazo la kununua gemu ya mazoezi na kujifungia nayo sebuleni lina mvuto wake. Je, inapunguza mwili kweli? Ukipima ushahidi uliopo, gemu inatatua tatizo moja na kuacha mawili. Inamwinua mtu kitini, na hilo si dogo. Lakini haigusi chakula chake, wala yenyewe haina nguvu ya kumfanya aendelee hadi mwezi wa tatu.

Kwa nini nyumbani

Watu wa miji midogo wana sababu za kufanyia mazoezi ndani ambazo vipeperushi vya afya havizitaji. Mwalimu wa kike wa miaka arobaini akitoka alfajiri na suruali ya kubana, akikimbia kandokando ya barabara kuu, atapata pongezi chache na maneno mengi. Wanafunzi wake watamwona. Jirani atauliza kama anaumwa, maana kwa wengi kupungua ghafla ni dalili ya maradhi au ya ndoa yenye shida, na kunawiri ni dalili ya nyumba yenye amani. Mwenye mwili mkubwa akikimbia anachekwa kwa kukimbia, asipokimbia anachekwa kwa mwili. Nyuma ya mlango uliofungwa maneno hayo yote hayamfikii.

Serikali ilijaribu njia ya hadharani. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa kazi hiyo. Viongozi walionekana barabarani na raba zao, na vilabu vya jogging vikapata sura ya kitaifa. Ila mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kila wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi. Mtoto wa shule anatakiwa apate wastani wa dakika 60 kila siku. Jumamosi moja kwa mwezi haifiki hata robo ya safari. Siku zilizobaki kila mtu anajitegemea, na ndipo gemu inapobisha hodi.

Kutoka mkeka hadi pete

Vifaa hivi ni vya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1986 kampuni ya Bandai ya Japani iliuza mkeka wenye vitufe vya kukanyaga, mchezaji akikimbia juu yake na mtu wa kwenye TV anakimbia. Mwaka 1998 Konami ikaleta Dance Dance Revolution: mishale minne sakafuni, mishale mingine ikipanda kwenye kioo, na mguu unatakiwa ukanyage sawasawa na mdundo. Ilipata sifa kiasi kwamba mwaka 2006 jimbo la West Virginia nchini Marekani lilitangaza mpango wa kuipeleka katika shule zake zote 765 za umma, ili kupambana na unene wa watoto.

Mwaka huohuo Nintendo ilitoa Wii, ambayo pedi yake ilitambua mkono unavyorushwa. Mwishoni mwa 2007 ikafuata Wii Fit, yenye ubao wa kusimama uliopima uzito na mizania ya mwili. Mbunifu wake, Shigeru Miyamoto, baba wa Mario, alisema wazo lilitokana na mazoea yake ya kujipima uzito kila siku. Zaidi ya nakala milioni 22 ziliuzwa. Novemba 2010 Microsoft ilileta Kinect, kamera iliyosoma mwili mzima bila pedi. Iliuza vipande milioni 8 katika siku 60 za kwanza, na mwaka 2017 ikaacha kutengenezwa. Oktoba 2019 ikaja Ring Fit Adventure ya Nintendo Switch: pete ya kubana na kuvuta kwa mikono, mkanda wa pajani unaotambua hatua na kuchuchumaa, na hadithi ya kupambana na majitu ambamo kila pigo linalipiwa kwa skwati au zoezi la tumbo.

Mbinu imebaki ileile tangu mkeka wa kwanza. Mashine inahesabu unachofanya, inakupa pointi, inakuwekea mpinzani na kukuahidi ngazi inayofuata. Mtu aliyechoshwa na kuhesabu pushapu kimoyomoyo anapata sababu ya kufanya moja zaidi.

Kwetu gemu zilizoenea ni za aina nyingine. Ingia kibanda cha gemu katika mji wowote wa Kanda ya Ziwa: TV mbili tatu zimepangwa juu ya meza, PlayStation imefunikwa kitambaa kuzuia vumbi, vijana wamebanana kwenye benchi, na mwenye kibanda anakusanya hela kila mechi inapoisha. Wachezaji ishirini na wawili wanakimbia kwenye kioo, ila kwenye benchi vinavyosogea ni vidole gumba. Kwa hiyo mzazi wa Maswa anaposikia kwamba gemu inaleta afya, ana haki ya kucheka kwanza.

Hesabu ya kalori

Tuanze na kinachopimika. Mtu wa kilo 75 akifanya zoezi la wastani kwa nusu saa, kama kutembea kwa haraka au kucheza gemu ya kudansi bila kujihurumia, anachoma takribani kalori 150. Kati ya hizo, karibu 40 angezichoma hata akiwa amekaa. Faida halisi ni kalori 110 hivi. Soda moja ya mililita 300 ina takribani kalori 125. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina 120. Anayemiminia mboga mafuta moja kwa moja kutoka kwenye dumu, bila kijiko, anaweza kuongeza kalori za saa nzima ya mazoezi kabla sufuria haijachemka.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi takribani kalori 7,700. Kwa hesabu ya kwenye karatasi, mtu huyo akicheza nusu saa mara tano kwa wiki bila kubadilisha chakula, atahitaji wiki 14 kupunguza kilo moja. Na si kila gemu inafika kiwango hicho. Mwaka 2007 watafiti wa Liverpool waliandika katika jarida la kitabibu la BMJ kwamba vijana waliocheza Wii Sports walitumia nguvu zaidi ya waliocheza gemu ya kukaa, lakini si kwa kiwango cha kucheza tenisi au ndondi zenyewe. Mchezaji hujifunza haraka kwamba pedi inadanganyika kwa kuzungusha kiwiko tu.

Somo kutoka Ziwa Eyasi

Hata hesabu hiyo ya wiki 14 ina matumaini mengi, na ushahidi wake umetoka jirani. Wahadza, jamii ya wawindaji na wakusanyaji, wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi, na baadhi yao wako wilaya ya Meatu inayopakana na Maswa. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadza 30 watu wazima kwa kuwanywesha maji maalumu, ambayo mabaki yake kwenye mkojo huonyesha mwili umechoma nishati kiasi gani kwa siku kadhaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012 katika jarida la PLoS ONE.

Hawa ni watu wanaotembea kilomita nyingi, wanaochimba mizizi kwenye ardhi ngumu na kupanda mibuyu kufuata asali. Utafiti mwingine, wa David Raichlen na wenzake, uliochapishwa 2017, ulikuta wanafanya takribani dakika 135 za shughuli za wastani hadi nzito kila siku. Mfanyakazi wa ofisini akipata kiasi hicho kwa wiki nzima hujipongeza. Lakini Pontzer alipozingatia ukubwa wa mwili, nishati waliyotumia Wahadza kwa siku haikutofautiana na ya watu wa Marekani na Ulaya.

Maelezo yake ni kwamba mwili hubana matumizi: ukitumia zaidi kwenye misuli, unapunguza kwingine. Wanasayansi wanaendelea kubishana kuhusu ukubwa wa jambo hilo. Hata hivyo, tafiti nyingi zinaelekea upande mmoja, kwamba mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko hesabu inavyoahidi, na kwamba sahani ndiyo yenye sauti kubwa.

Hiyo isiwe ruhusa ya kubaki kitini. Mazoezi hushusha presha, husaidia mwili kutumia sukari, huimarisha moyo, hutuliza akili na huleta usingizi mzuri. Pia humsaidia aliyekwisha kupungua asirudi alikotoka. Wahadza wenyewe wana mioyo yenye afya. Utafiti wa 2020 ulikuta kwamba nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, ila sehemu ya mapumziko hayo huwa wamechuchumaa au kupiga magoti, misuli ya miguu ikiendelea kufanya kazi kidogo. Sofa haimpi mtu kazi hiyo. Anayeingia kwenye gemu kwa ajili ya moyo wake ana hakika ya kuvuna. Anayeingia kwa ajili ya kilo tu, bila kugusa chakula, ataona mizani inamtania.

Mwezi wa tatu

Tatizo la pili ni kuendelea. Huko Houston, Marekani, Tom Baranowski na wenzake waliwapa watoto 84 mashine za Wii. Nusu walipata gemu za kuchezwa kwa mwili, nusu gemu za kawaida. Katika kipindi cha takribani wiki 13 watoto walivaa kipimo cha mwendo kwa vipindi. Utafiti huo, uliochapishwa 2012, haukuona tofauti yoyote kati ya makundi hayo mawili. Huenda mtoto akipewa kifaa bila utaratibu hukicheza kwa ulegevu au hufidia kwa kukaa zaidi saa nyingine.

New Zealand matokeo yalikuwa na nafuu. Watoto 322 wenye uzito mkubwa walifuatiliwa kwa wiki 24. Waliopata gemu za kujongea hawakuongezeka kama wenzao, lakini tofauti haikufika hata kilo moja. Kwa watu wazima mfano mzuri ni Pokémon Go, gemu ya simu ya mwaka 2016 iliyowafanya watu watembee mitaani kuwinda viumbe vya kubuni. Watafiti wa Harvard walikuta kwamba wiki ya kwanza wachezaji waliongeza wastani wa hatua 955 kwa siku. Kufikia wiki ya sita, nyongeza hiyo ilikuwa imeyeyuka.

Jaribio lililofanikiwa zaidi linaeleza kwa nini. Amanda Staiano na wenzake wa Louisiana walichapisha mwaka 2018 utafiti wa watoto 46 wenye uzito mkubwa. Waliopewa Kinect walitakiwa kucheza mara tatu kwa wiki pamoja na ndugu au rafiki, kwa ratiba, huku kocha akizungumza nao kwa video na kufuatilia maendeleo yao. Baada ya wiki 24 uzito wao, ukilinganishwa na urefu na umri, ulikuwa umeshuka, na wengi hawakuacha njiani. Kamera ilikuwa ya kawaida kabisa. Kilichoongezeka kilikuwa mtu wa kucheza naye na mtu wa kuuliza, "Jana mbona hukucheza?"

Wagika, Wagalu na pointi

Jambo hilo Usukuma linalijua bila maabara. Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, vikundi vya ngoma vya Wagika na Wagalu hukutana uwanjani. Asili ya pande hizo ni waganga wawili mashuhuri wa zamani, Ngika na Gumha, na ushindani wao haujaisha. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji mwenye karatasi. Watazamaji ndio wanaohama, na waliovuta umati mkubwa ndio walioshinda. Ili kuuvuta, wachezaji hujifua kwa wiki nyingi na kubuni vituko, wengine wakileta hata nyoka uwanjani. Katika bugobogobo, ngoma iliyozaliwa na kulima kwa pamoja, majembe hurushwa juu, huzungushwa na kudakwa, huku wachezaji wakiinama na kuinuka kwa mdundo wa ngoma kubwa.

Mwenye kuijua Ring Fit angekuta pale kila alichonunua dukani: skwati, pointi, mpinzani, hamu ya ngazi inayofuata. Angekuta na kimoja ambacho hakikuwamo kwenye boksi, yaani kundi linalomngoja. Gemu inazimwa kwa kidole na hakuna anayeumia. Ukikosa mazoezi ya ngoma, utaulizwa.

Ngoma hata hivyo si jibu la wote. Ina msimu wake, na mlokole hatajiunga na Wagalu, maana kwake ngoma hizo zinanuka uganga. Lakini naye ana kwaya, na kwaya ya vijana inayojiandaa na kanda mpya huruka jioni nzima hadi mashati yanaloa. Anthony Mtaka alipokuwa mkuu wa mkoa, tamasha la Simiyu Jambo kule Bariadi liliunganisha mbio za baiskeli na mashindano ya ngoma za asili, na watu walijaa. Mtaji wa mchezo wenye jasho upo. Haujahamia tu kwenye maisha ya kila wiki ya mtu wa ofisini.

Gharama na nafasi

Nintendo Switch ilipotoka iliuzwa Marekani kwa dola 300, na Ring Fit kwa dola 80. Jumla inakaribia shilingi milioni moja kabla ya usafiri na ushuru. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa serikali, baada ya kupandishwa kuanzia Julai 2025, ni shilingi 500,000. Ni mishahara ya miezi miwili ya mtu asiyekula wala kulipa kodi ya nyumba.

Kisha kuna sebule yenyewe. Kinect ilitaka mchezaji asimame karibu mita 1.8 kutoka kwenye kamera. Nyumba ya kupanga ya chumba na sebule ina seti ya sofa, stuli zake, kabati la TV na meza ya kioo katikati. Kila jioni meza isogezwe, watoto waondolewe, na LUKU iwe na yuniti. Vikwazo vidogo kama hivi ndivyo vinavyoua nia njema kuliko uvivu.

Njia rahisi ipo mfukoni. Simu janja nyingi huhesabu hatua kwa programu kama Google Fit au Samsung Health, na kuhesabu hatua nako ni gemu. Lengo maarufu la hatua 10,000 lilianza kama jina la kipimo cha hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, si kama agizo la daktari. Utafiti wa I-Min Lee uliochapishwa 2019 kuhusu wanawake wazee wa Marekani ulikuta kwamba waliotembea hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na nafuu iliacha kuongezeka karibu na hatua 7,500. Anayeshuka kwenye bodaboda kilomita moja kabla ya kazini, kwenda na kurudi, ameshapata zaidi ya 2,000.

Anayetaka kudansi ndani hahitaji kumaliza bando. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida hula kama nusu GB, lakini video ikishapakuliwa hurudiwa bila gharama. Kijana anayewarushia watu muvi na nyimbo anaweza kukujazia flashi ya mazoezi, ukaichomeka kwenye TV. Kamba ya kuruka nayo bei yake ni ndogo kuliko ya kuku.

Uamuzi

Kwa hiyo, aliye na mashine tayari aitumie, na aichague kwa jasho. Kipimo chake ni rahisi: akicheza aweze kuongea lakini ashindwe kuimba. Akiweza kuimba, gemu hiyo ni burudani, na aihesabu hivyo. Kwenye sakafu ya saruji avae raba, maana soksi zinateleza na magoti hayasahau. Mwenye presha, kisukari au maumivu ya kifua apite kwanza kituo cha afya apimwe.

Asiye nayo asiinunue kwa ajili ya kupunguza mwili. Kwa hela hiyo kuna hatua nyepesi zenye matokeo makubwa zaidi: kupima mafuta kwa kijiko, kuiachia soda siku ya sherehe, kurudisha mlenda na nsansa mezani ili ugali upungue. Wiki za kwanza hatua hizo ndizo zitakazosogeza mizani, wakati mazoezi yakijenga moyo.

Na awe na mashine au asiwe nayo, atafute mtu wa kumwambia siku na saa. Dada wa uwakala na muuguzi wa jirani wakikubaliana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa kumi na mbili jioni, kwenye sebule ya mmoja wao, pazia limeshushwa na flashi imechomekwa, wamepata kile ambacho utafiti wa Louisiana ulihitaji kocha wa video kukipata. Wakifika wanne, wahamie kwenye uwanja wa shule. Wakiwa wengi hivyo, maneno ya barabarani huwa hayana makali.